Taifodi mara tatu tangu Januari, na chemchemi iliyo chini ya choo

SWALI: Tunaishi Bweyogerere, Manispaa ya Kira, nje kidogo ya Kampala, Uganda, katika mizigo, yaani vyumba vya kupanga vilivyoungana: familia nane, choo kimoja cha shimo. Bomba la mwenye nyumba hukauka siku mbili tatu kila wiki, kwa hiyo maji ya kunywa tunachota bondeni, kwenye chemchemi iliyojengewa ukuta wa saruji na mabomba mawili. Maji yake ni maangavu na baridi. Tangu Januari nimeambiwa mara tatu kwamba nina taifodi. Kila mara klinika ya karibu hunitoa damu, baada ya dakika chache naambiwa ni taifodi, napigwa sindano siku tano. Napata nafuu, kisha baada ya mwezi kichwa na uchovu vinarudi. Mwanangu wa miaka mitatu anaharisha kila mvua zikianza. Mwaka huu jirani wa juu amechimba choo kipya, kama hatua ishirini kutoka chemchemi. Mama mkwe anasema maji ya chemchemi ni ya Mungu, yanachujwa na udongo, na kwamba klorini ndiyo inayoleta saratani. Je, taifodi yangu imekuwa sugu? Nimshitaki jirani? Nichemshe maji, niweke dawa, au tuhame?

JIBU: Dada, umeuliza mengi kwa mpigo, lakini ndani yake kuna mambo mawili ya kutenganisha kabla ya kitu kingine chochote. La kwanza, kama kweli una taifodi. La pili, kama maji mnayokunywa yana kinyesi. Majibu yake hayategemeani. Maji yanaweza kuwa machafu kabisa na wewe usiwe na taifodi hata kidogo, na kwa maelezo uliyotoa hivyo ndivyo ninavyoona: maji yenu hayafai kunywewa bila kutibiwa, mtoto anaugua kwa sababu hiyo, na wewe huenda hujaugua taifodi hata mara moja mwaka huu.

Nianze na damu, maana ndiyo inayokula pesa zako. Kipimo cha dakika chache kinachotumika katika klinika nyingi kinaitwa Widal. Damu yako inaachwa itulie mpaka yale majimaji ya manjano yajitenge. Tone moja la majimaji hayo linawekwa kwenye kigae cheupe, linachanganywa na tone la dawa yenye mabaki ya bakteria wa taifodi waliokufa, kigae kinatikiswa taratibu, na mtu wa maabara anaangalia kama chembe zinagandana. Zikigandana anaandika 1:80, 1:160 au 1:320. Hapo hajaona bakteria hata mmoja. Ameona kingamwili, yaani silaha ambazo mwili wako uliwahi kutengeneza, na silaha hizo hubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya vita kwisha. Tena hazichagui sana. Ukiwahi kupambana na binamu za bakteria wa taifodi, wale wanaotoka kwenye mayai au nyama isiyoiva, kigae kinaweza kugandana. Malaria nayo inaweza kukichanganya. Kwa nchi kama yetu, ambako karibu kila mtu amewahi kumeza wadudu wa jamii hiyo, watu wenye afya kabisa wanaouza sokoni wakipimwa Widal leo, baadhi yao wataambiwa wana taifodi.

Mtego wenyewe uko hapa. Mara ya kwanza unatibiwa. Mwezi unaofuata kichwa kinauma kwa sababu nyingine, unapimwa tena kwa kipimo kilekile, kingamwili za zamani bado zipo, unaambiwa imerudi. Mara ya tatu inaitwa sugu. Kumbe kinachorudi ni jibu la kigae. Kupima Widal ili kujua kama umepona ni kazi bure kabisa, na anayekupima hivyo hakusaidii.

Utauliza: mbona napata nafuu nikichomwa sindano? Homa nyingi za virusi huisha zenyewe ndani ya siku tano au saba, sindano iwepo isiwepo. Unapochomwa unapumzika pia, unameza za maumivu, unakunywa maji zaidi. Sifa zote zinakwenda kwa sindano. Hasara yake ni kwamba kila kozi isiyohitajika inawafundisha bakteria wa tumboni mwako kuizoea dawa, na siku utakapoihitaji kweli huenda isifanye kazi.

Neno “sugu” lina ukweli mmoja mdogo. Watu wachache katika kila mia wanaougua taifodi hubaki na bakteria kwenye mfuko wa nyongo kwa zaidi ya mwaka na kuwatoa kwenye choo kikubwa. Lakini watu hao kwa kawaida hawajisikii vibaya, ni hatari kwa wanaokula chakula walichopika. Uchovu na kichwa chako si dalili ya hali hiyo.

Nisije nikaeleweka kwamba taifodi ni hadithi. Mwaka 2015, kati ya Januari na Juni, Kampala ilipata mlipuko uliokuwa na wagonjwa waliohisiwa zaidi ya 10,000, na uchunguzi ukaelekeza kwenye maji machafu na juisi za kienyeji zilizokuwa zikiuzwa mitaani. Katika mlipuko wa Kasese na Bundibugyo wa 2008 na 2009, zaidi ya watu 200 walitoboka utumbo. Taifodi ya kweli huanza wiki moja hadi mbili baada ya kumeza bakteria, wakati mwingine hata wiki nne. Homa hupanda ngazi kwa ngazi, leo 38, kesho kutwa 39, kisha inakaa 39 au 40 bila kushuka kwa siku nyingi. Kichwa kinauma, tumbo linauma, hamu ya kula inakwisha. Mtu mzima mara nyingi anafunga choo badala ya kuharisha. Isipotibiwa, kuanzia wiki ya tatu utumbo unaweza kuvuja damu au kutoboka. Mtu anayeugua hivyo haendi sokoni. Wewe umeandika uchovu na kichwa, hukutaja homa kali ya siku nyingi.

Safari nyingine ukiambiwa taifodi, omba kuoteshwa damu kabla ya kumeza au kuchomwa chochote. Wanavuta damu ya mshipa, kama mililita 10 kwa mtu mzima na chache zaidi kwa mtoto, wanaiweka kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, na kusubiri siku mbili hadi saba kuona nini kinaota. Hospitali kubwa za Kampala na maabara kubwa za binafsi zinafanya hivyo, klinika nyingi za mtaani haziwezi. Kipimo hiki nacho kina kasoro: kati ya wagonjwa kumi wenye taifodi ya kweli kinaweza kuwakosa wanne, na ukiwa umeshameza dawa kinakosa zaidi. Lakini kikionyesha ndiyo, ni ndiyo, na kinasema pia dawa gani inamuua bakteria huyo. Kama homa ni kali, daktari hatakuacha ungoje majibu. Atachukua damu kwanza, kisha aanze dawa.

Basi uchovu na kichwa cha miezi mitano vinatoka wapi? Sijakuona, sitakupa jina la ugonjwa. Nitakupa orodha ya kumpelekea daktari wa kituo cha afya cha serikali cha daraja la tatu au la nne: wingi wa damu, shinikizo la damu, sukari, mkojo, ujauzito, Virusi vya Ukimwi kama hujapima karibuni, na brusela kama mnakunywa maziwa yasiyochemshwa. Malaria ipimwe kwa darubini ikiwa ulitibiwa malaria mwezi uliopita, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kubaki na mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya wadudu kwisha. Ni mtego uleule wa Widal, nguo tofauti. Kuna jambo jingine watu hawalifikirii. Ikiwa unapikia sigiri, yaani jiko la makaa, ndani ya chumba, mlango umerudishwa kwa sababu ya mvua, na kichwa kinaanza jioni na kuachia ukitoka nje, basi kinachokuumiza ni hewa ya makaa. Haina harufu, haionekani, na usiku inaua. Sigiri itoke nje, na isilale chumbani hata kama makaa yanaonekana yamekufa.

Sasa twende bondeni.

Mama mkwe wako hajakosea kabisa, na si vizuri kumcheka. Udongo kweli huchuja maji. Milima ya Kira, Kireka na Namugongo ina tabaka la udongo mwekundu na murramu juu. Mvua ikinyesha, maji yanazama, yanateremka polepole mpaka yakute tabaka lisiloyapitisha, kisha yanatokea pembeni mwa bonde, juu kidogo ya mafunjo. Yakisafiri taratibu, chembe za udongo zinanasa bakteria, na wale wasionaswa wanakufa kwa kukosa joto na chakula cha tumbo la mtu. Wanahitaji wiki kadhaa kufa. Kanuni ya mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji inatokana na hesabu hiyo: ni kipimo cha muda maji yanaotumia njiani, kimeandikwa kwa mita.

Hesabu hiyo huvunjika pale ambapo maji hayatembei taratibu. Murramu ina mashimo ya mizizi iliyooza, njia za mchwa na nyufa. Mvua kubwa ikishuka, maji yanapita humo mbio, na uchafu wa juu unaweza kufika kwenye bomba la chemchemi ndani ya saa chache. Hatua zako ishirini ni kama mita 14 au 15, nusu ya kinachotakiwa, na choo kiko upande wa juu. Hilo ni kosa la kwanza. Pili, sakafu ya shimo inatakiwa ibaki angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini. Karibu na chemchemi, maji ya ardhini yako karibu sana, kwa hiyo shimo refu huenda linachovya moja kwa moja.

Hata hivyo, usikimbilie kumfunga jirani kitanzi. Kabla yake kulikuwa na vyoo vingapi mlimani? Na mara nyingi uchafu unaoingia kwenye chemchemi za vitongoji hautoki kwenye shimo la mbali. Unatoka mita chache tu nyuma ya ukuta. Nyuma ya ule ukuta wa saruji kuna jicho la maji, limefunikwa mawe, kisha changarawe, kisha udongo wa mfinyanzi uliogandamizwa, kisha majani. Juu yake kunatakiwa mfereji wa kukinga maji ya mvua, na uzio. Baada ya miaka, mfereji umejaa takataka, uzio umegeuzwa kuni, mbuzi wanalala pale, pampasi na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zenye haja za usiku zinatupwa palepale, na ule udongo wa kuziba umechukuliwa na mvua. Maji machafu yanatuama juu ya jicho na kuzama. Kwa nje ukuta bado unapendeza, mabomba yanatiririka, maji yanang'aa. Uangavu hauhusiani na bakteria hata kidogo: glasi inaweza kung'aa na kubeba maelfu.

Nenda mwenyewe ukaangalie, siku mbili: moja ya jua, nyingine mara tu baada ya mvua kubwa. Panda nyuma ya ukuta. Je, maji yametuama? Mfereji unapitisha? Ukuta una ufa unaovuja pembeni ya mabomba? Jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, iinue kwenye mwanga: imekuwa na ukungu kuliko siku ya jua? Bomba linatoka kwa nguvu zaidi saa chache baada ya mvua? Majibu mawili ya ndiyo hapo mwisho yanamaanisha maji ya mvua yana njia ya mkato, na udongo hauchuji kitu. Ndiyo maana mtoto wako anaharisha Machi hadi Mei, kisha tena Septemba hadi Novemba. Yeye ndiye kipimo chenu cha maji, masikini.

Kama mnataka kipimo cha maabara, NWSC, shirika la taifa la maji ya bomba, wana maabara yao Bugolobi, na Wizara ya Maji ina yake Entebbe. Ombeni wahesabu E. koli, bakteria anayeonyesha kwamba maji yana kinyesi, katika mililita 100. Kinachotakiwa ni sifuri. Kuanzia 1 hadi 10 hatari ni ndogo, zaidi ya 100 ni hatari kubwa. Chupa iwe ya maabara, iliyotakaswa, msiisuuze, iwekwe kwenye barafu na ifike ndani ya saa 6. Kipimeni mvua zikiwa zimeanza. Matokeo mazuri ya Januari hayawalindi Aprili. Lakini nikueleze ukweli: pesa zikiwa haba, usizitumie kuthibitisha kile ambacho macho yako yamekuonyesha. Nunua vidonge.

Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatibu jerikeni moja ya lita 20 ya maji maangavu. Pakiti nyingine zina vidonge vidogo, kwa hiyo soma imeandikwa lita ngapi. Tia kidonge, funga, tikisa, ngoja dakika 30. Fungua unuse: kuwe na harufu hafifu ya dawa. Isiponuka kabisa, maji yalikuwa machafu kiasi cha kuimaliza klorini yote, ongeza kidonge cha pili na ungoje tena. Siku za mvua, maji yakiwa na ukungu, yaache yatulie usiku, yachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha weka vidonge viwili. Kunyweni ndani ya saa 24. Harufu ikiwaudhi, mimina maji kutoka chombo safi kwenda kingine mara chache. Vidonge vikikosekana, dawa ya kufulia isiyo na manukato yenye klorini asilimia 3.5 inaweza kutumika, mililita moja na robo, yaani robo ya kijiko cha chai kwa lita 20, mradi chupa haijakaa wazi miezi. Zile za rangi na za harufu ya limau ziacheni kabisa.

Saratani: klorini ikikutana na mabaki ya majani na uchafu hutengeneza kemikali ambazo, zikiwa nyingi na mtu akizinywa miaka mingi, zinatiliwa shaka. Shirika la Afya Duniani lenyewe limelipima jambo hilo na kusema hatari hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kunywa maji yasiyotibiwa. Mweleze mama mkwe kwa lugha hiyo: kuhara kunaua mtoto wiki hii. Na ukichuja maji kabla ya kuweka klorini, kemikali hizo zinapungua pia.

Kuchemsha kunaua bakteria, virusi na vimelea vya tumbo, wakiwemo wagumu kama kriptosporidia ambao klorini haiwawezi. Hapa kwetu, kwenye mita karibu 1,200 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hizo zinatosha. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja basi. Kuyaacha yachemke robo saa ni kuchoma makaa bure. Udhaifu wake ni gharama ya makaa, na kwamba maji yakishapoa hayana ulinzi: kikombe kimoja kichafu kikizamishwa, yamerudi yalikotoka. Kwa familia yako ningeweka klorini kwenye maji ya wote kila siku, na kuchemsha ya mtoto anapokuwa anaharisha au kama nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu. Chujio la udongo wa kuchoma ni zuri ukilipata, linatoa lita moja hadi tatu kwa saa, lakini halizuii virusi vyote, na likipata ufa ni la kutupa. Kuanika chupa angavu juani saa sita kunasaidia siku za jua. Mvua zinapokuja, ambapo ndipo mnapouhitaji ulinzi, jua nalo limejificha.

Kitu kimoja kinachopita vyote hivi bila kuguswa ni nitrati. Inatoka kwenye mkojo na kinyesi kilichooza, na haichujwi na udongo wala kuuawa na klorini. Kuchemsha kunaizidisha kidogo kwa sababu maji yanapungua. Kiwango cha mwisho ni miligramu 50 kwa lita. Kwa mtu mzima si tishio la haraka, ila mtoto chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo anaweza kubadilika rangi kuwa ya bluu midomoni na kukosa hewa. Ukiwa mjamzito au ukipata kichanga, maji ya chemchemi hiyo yasimkaribie. Anyonye, na ikilazimu maziwa ya kopo, yakorogwe kwa maji ya bomba yaliyochemshwa.

Jerikeni nazo. Chukua ile yenu ya manjano, itazame ndani kwa tochi. Ukipitisha kidole mdomoni mwake kuna utelezi: hiyo ni jamii ya bakteria waliojenga nyumba, na maji yoyote mnayomimina humo yanaambukizwa. Tieni konzi mbili za kokoto safi, sabuni na maji kidogo, tikiseni dakika kadhaa, suuzeni, kila wiki. Jerikeni ya kunywa isiwe ya kufulia, na maji yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe. Kama mtanunua ndoo yenye bomba dogo chini, hiyo ni pesa iliyotumika vizuri.

Maji ya NWSC yanayotoka kwenye mitambo ya Gaba na Katosi yametibiwa, na ningeyachagua kabla ya chemchemi siku yoyote. Tatizo ni kukatika. Presha ikishuka, bomba lililopita kwenye mtaro na lina tundu linavuta uchafu wa nje. Maji yakirudi, yaacheni yatiririke dakika chache kwenye ndoo ya kufulia hadi yawe safi, ndipo mkinge ya kunywa. Yakikaa ndani zaidi ya siku, wekeni kidonge. Anayewauzia jerikeni muulizeni ameichota wapi. Kuuza maji ya chemchemi kwa bei ya bomba ni mchezo unaojulikana.

Kuhusu jirani: kesi mahakamani itachukua miaka na shimo litakuwa limejaa. Mwende watu watatu wanne kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mkiwa na picha za siku ya mvua, na muombe mkaguzi wa afya wa divisheni aje. Yeye ndiye mwenye nguvu ya kuamuru choo kihamishwe au kijengewe ukuta wa matofali usiovuja na kinyonywe na gari au vijana wa galpa, ile pampu ya mkono ya kunyonya vyoo, uchafu upelekwe kwenye mtambo wa majitaka wa Lubigi. Kinachotakiwa kukatazwa mara moja, kwa jirani na kwenu pia, ni ile desturi ya kufungulia shimo wakati wa mvua kubwa ili literemke na mafuriko. Mnasema mnaokoa pesa, mnajinywesha wenyewe.

Wakati mnangoja mkaguzi, watu kumi kwa Jumamosi moja wanaweza kuzibua mfereji wa juu, kufukia mabonde nyuma ya ukuta kwa udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, kupanda majani na kurudisha uzio. Hii peke yake inaweza kupunguza uchafu kuliko kuhamisha choo. Msimwage klorini kwenye jicho la chemchemi. Maji yanatiririka, itapita yote kabla ya chakula cha mchana. Na kuchimba kisima uani, katikati ya vyoo vya familia nane, sikushauri hata kwa bei ya chini.

Kuhama kwa sababu hii, bado. Ukihamia mizigo mingine bondeni utakuta chemchemi nyingine.

Mtoto akiharisha, mpe ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, kwa mikupuo midogo kila dakika chache, pakiti moja kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja, na maji hayo yawe yametibiwa. Mpe zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekauka siku ya tatu. VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa wako, anaweza kuwa navyo bure. Aendelee kula. Sindano na antibiotiki hazihitajiki kwa kuhara kwa kawaida. Mkimbize kituoni siku hiyohiyo akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, akilegea au kupata degedege, choo kikiwa na damu, au kikiwa kama maji ya mchele na kinamwagika mfululizo. Hiyo ya mwisho yaweza kuwa kipindupindu, na majirani wote wanapaswa kujua.

Wewe mwenyewe nenda hospitali usiku bila kungoja asubuhi ukiwa na homa ya zaidi ya siku tatu pamoja na tumbo gumu linalouma sana, choo cheusi kama lami, kuchanganyikiwa, au shingo kukakamaa. Ukithibitishwa taifodi kwa kuoteshwa damu, wanaokula chungu kimoja nawe wachunguzwe pia, na uulize chanjo. Ipo ya dozi moja inayofaa kuanzia miezi sita, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2018.

Kabla ya hapo, ning'iniza kalenda ukutani na kalamu. Andika M siku ya mvua kubwa, K siku kichwa kinapouma na saa yake, H siku mtoto anapoharisha, B siku bomba linapokatika. Baada ya wiki sita ichukue ukampe daktari pamoja na zile karatasi tatu za Widal.